Jina Litakalotajwa Mara Moja

Baba Paroko, wazee wetu wa Endamarariek, wageni wetu mlioshuka kutoka Nainokanoka na umande wa huko bado uko kwenye mashuka yenu, walimu wenzake marehemu, majirani na ndugu wote, nawasalimu kwa unyenyekevu, na kabla sijaendelea naomba mnivumilie kwa jambo moja, kwamba historia hii ni ya mtu ambaye sitamtaja jina mpaka mwisho kabisa, na hata msalaba mlioupita pale kando ya kaburi una tarehe mbili tu, fundi hakusahau, sisi ndio tuliomwambia aache wazi.

Mimi ni Selina, dada mkubwa wa mume wake, yaani wifi yake, na kwa desturi yetu historia kama hii husomwa na mwanamume wa familia, tena baba yetu mdogo Wilibrodi ndiye aliyepangiwa, lakini baada ya yale yaliyotokea uani kwetu siku ya Alhamisi, ambayo nitayaeleza yakifika mahali pake, alinikabidhi mimi bila kushurutishwa na mtu. Wengi wenu mlimjua kama Mama Lilian, wengine Mwalimu, wengine Daktari, ingawa wapo waliompelekea mtoto mwenye homa kwa ajili ya hilo neno Daktari wakarudi nyumbani wamepewa kitabu. Kwa majina hayo ndivyo nitakavyomwita.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1972, Nainokanoka, Ngorongoro, katika boma la baba yake, akiwa mtoto wa nne wa mke wa pili. Baba yake alitangulia mwaka 1991, mama yake tarehe 2 Juni 1998, na kwa kuwa ndugu zao wamekaa hapa mbele yangu sitawataja hao nao, maana kwao Wamaasai mtu akishafariki jina lake huwekwa kando, atasemwa kuwa ni mama wa fulani, au yule wa boma la juu, na kama yupo jirani mwenye jina kama lake, huyo jirani hutafutiwa jina jingine. Sisi Wairaqw wa huku chini tulikuwa tukilisikia jambo hilo tunacheka kidogo, tukidhani ni woga wa watu wa mlimani. Leo hatucheki.

Mama yake hakujua kusoma wala kuandika, lakini alikuwa mtunzi, na zile nyimbo ambazo wanawake wa kule huziimba wanapokwenda kwa msafara kuomba baraka ya uzazi, nyingi ni zake, zimefika mpaka Loliondo na bado zinaimbwa bila mtu kusema nani alizitunga. Marehemu alikuwa akiniambia kwamba utotoni, akiwa amebebwa, alizisikia nyimbo hizo zikitungwa ndani ya mgongo wa mama yake kabla hazijafika mdomoni. Kumbukeni hilo, kwa sababu maisha yake yote yalitoka hapo.

Kuhusu elimu, alianza Shule ya Msingi Nainokanoka mwaka 1980, akitembea kwenye ukungu kwa kufuata sauti za kengele za ng'ombe, akamaliza mwaka 1986, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana huko Moshi kuanzia mwaka 1987 hadi 1990, kidato cha tano na cha sita mjini Arusha, kisha shahada ya ualimu Dar es Salaam aliyoihitimu mwaka 1997. Alibatizwa akiwa bwenini, tarehe 24 Desemba 1988, na padri alipomwuliza amechagua jina la mtakatifu gani, alijibu kwamba mama yake alishamaliza kazi hiyo, akabatizwa kwa jina lile lile alilozaliwa nalo. Hakuwahi kuwa na jingine, na ndiyo maana leo hatuna jina la pembeni la kujifichia.

Alifundisha sekondari hapa Karatu kwa miaka minne, akasoma shahada ya uzamili, na tangu mwaka 2003 alikuwa mhadhiri katika chuo kimoja huko Arusha, halafu mwaka 2008 akaenda nchi ya theluji kusomea udaktari wa falsafa katika fasihi linganishi, kwa nadharia ya ufeministi, akarudi nao mwaka 2012 pamoja na koti ambalo mnadani hapa lingemtosha ng'ombe. Nilimwuliza siku moja tukipukuchua mahindi, hicho ulichokisoma ndicho nini hasa, akanieleza kwa utaratibu, na nitajaribu kukieleza alivyonieleza. Alisema kulikuwa na mwanamke wa nchi ya theluji aliyeandika riwaya zikatoka kwa jina la kaka yake, kwa sababu wachapaji hawakutaka kusikia jina la mwanamke, na mwanamke wa Asia aliyeandika mashairi kwenye ukuta wa jiko, wasomaji wakamjua kama mke wa hakimu basi, na wa tatu alikuwa mwanamke wa Nainokanoka ambaye hakushika kalamu lakini maneno yake yako midomoni mwa watu. Watu wa nchi hizo tatu hawajawahi hata kusalimiana, alisema, imekuwaje wote wakayahifadhi maneno ya mwanamke na kumpoteza mwenyewe? Swali hilo ndilo lililomlisha, na ndilo lililomla.

Darasani kwake ilikuwa marufuku kusema mke wa fulani au mama wa fulani unapomzungumzia mwandishi, mwanafunzi aliyeteleza alisimama na kulitamka jina kamili la mwanamke huyo kwa sauti, na wapo hapa leo walimu wazima ambao bado wanashtuka wakikumbuka. Mimi nilikuwa nikimtania, wifi, huko Arusha unawasimamisha watu, huku Endamarariek ukiitwa Mama Lilian unaitika mbio, naye alikuwa akijibu kwamba mlima hupandwa kwa zamu.

Kwa upande wa ndoa, alifunga pingu za maisha na mdogo wangu Modest Qamara tarehe 5 Juni 1999, katika kanisa hili hili, baada ya ukoo wetu kupandisha ng'ombe wa mahari mpaka Nainokanoka, ambako shemeji zetu waliwatazama wakauliza kwa upole kama hawa ni ng'ombe au ni mbuzi waliokaa sana shule. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lilian aliyezaliwa tarehe 11 Novemba 2000, na Dickson aliyezaliwa tarehe 3 Februari 2005. Nyumba yao ilikuwa ya vicheko na vitabu, na mkulima mwenzangu Modest alizoea kula chakula kilichoungua kwa sababu mpishi alikuwa anamalizia ukurasa.

Sasa nifike mahali pagumu, na ninafika hapo kwa sababu yeye mwenyewe aliniagiza nisiparuke, akisema historia za wanawake wengi husomwa makaburini zikiwa zimeng'olewa meno.

Tarehe 22 Machi 2014 alizindua kitabu chake katika ukumbi mmoja pale Karatu mjini, wageni wa chuo walikaa upande mmoja, na upande wa pili, mstari wa mbele, walikaa mdogo wake Nareyu na wanawake wa boma lao, wamevaa shanga zao zote kwa heshima ya dada yao. Alisoma kurasa kadhaa, akaeleza habari za yule wa riwaya na yule wa mashairi ya ukutani, kisha akaiweka karatasi mezani, akasema kwamba leo mtunzi wa tatu anarudishiwa haki yake, akalitamka jina la mama yake kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Wageni wa chuo walipiga makofi. Wanawake wa Nainokanoka walisimama wote pamoja wakatoka bila neno, tukawa tunasikia shanga tu, na Nareyu peke yake ndiye aliyegeuka mlangoni.

"Umemwita," alisema. "Sasa utamkalisha wapi?"

Marehemu aliumia, lakini alijipa moyo kwamba hao ndio wanawake wanaolinda pingu zao wenyewe, mambo ambayo vitabu vyake vilishayaeleza. Mimi nilikubaliana naye, sikujua lolote.

Mwezi wa Mei mwaka huo huo tulikuwa tukichuma maharage kwenye shamba la nyuma ya nyumba yake, mchana, jua la kawaida, mimi na yeye tu, akapita barabarani mzee wa Kimaasai aliyekuwa akielekea mnadani, akatusalimu takwenya, ambayo ni salamu ya mzee kwa mwanamke, na wifi yangu akaitikia iko, ndilo jibu lake, kama inavyotakiwa. Kisha nyuma yetu, upande wa ukuta wa jiko, ikaitikiwa iko nyingine, ya taratibu, ya mtu mzima. Nyumbani hakukuwa na mtu. Nilimtazama wifi, wifi akatazama maharage, na yule mzee hakushangaa kabisa, aliendelea na safari yake, lakini jioni aliporudi alipitia dukani akamlalamikia mwenye duka kwamba nyumba ya Modest haina adabu, imemwacha mama mtu mzima amesimama juani bila hata kigoda.

Kigoda kikawekwa, nilikiona kwa macho yangu, palepale ukutani. Kilishika vumbi. Hakuna aliyekikalia, ila ardhi iliyo kando yake, padogo tu pa kutosha miguu miwili, ililainika na kung'aa kama sakafu ya nyumba ya zamani, na nyasi hazikuota tena hapo hata mvua zilipokuwa nyingi. Ng'ombe wangu waliokuwa wakikatiza pale kwenda majini walianza kusimama walipofika ukutani, wakangoja kidogo, kama ng'ombe anavyongoja mtu asogee, halafu wakapita.

Halafu zikaja nyimbo. Lilian alikuwa na miaka kumi na mitatu, Kimaa chake, lugha ya kwa kina mama yake, kilikuwa cha salamu na kuomba maziwa, na siku moja akiosha vyombo alianza kuimba wimbo mrefu wa Kimaa wenye beti zake zote, bila kujikwaa, na mama yake akasimama mlangoni na sabuni mikononi kwa sababu aliutambua mtindo, lakini wimbo hakuutambua. Ulitaja mbaazi, ulitaja mlio wa mvua juu ya bati, na bibi yake Lilian alifariki bila kulala chini ya bati hata mara moja. Lilian alipoulizwa nani kamfundisha, alisema hajafundishwa, anausikia tu ukitoka mgongoni.

Ndugu zangu, mtu mwingine angepeleka mtoto kuombewa. Wifi yangu alileta simu akarekodi. Alinijia shambani mbio kwa furaha, akanishika mikono miwili na kuniambia, "Wifi, mama bado anatunga," na mimi niliogopa zaidi furaha ile kuliko ile sauti ya ukutani. Kwa miaka mitano alizikusanya nyimbo hizo, akazifasiri, akaenda nazo kwenye makongamano ya nchi mbalimbali, na kila alipozisoma alilitaja jina la mtunzi kwanza, akaliita tena na tena mbele ya watu wageni, na kila aliporudi nyumbani mahali pale ukutani palikuwa pameng'aa zaidi. Nyimbo zenyewe zilikuwa zikifupika. Zote zilimalizikia kwenye ubeti mmoja, ambao aliufasiri hivi, miguu yangu, miguu yangu, nani atanipa ruhusa nikae. Katika maandishi yake alieleza kwamba ubeti huo unahusu kazi za wanawake zisizo na mapumziko, na wasomi wakausifu.

Aliuelewa mwaka 2019, tena kwa kupitia mtoto wake. Lilian alikuwa anakaribia kutimiza miaka kumi na tisa, na taratibu, bila ugomvi wala ugonjwa unaojulikana, aliacha kukaa. Alikula amesimama, alisoma amesimama, alisinzia ameegemea mlango, na ukimvuta kwenye kiti aliinuka mara moja kwa adabu, akisema samahani, bado sijaambiwa. Miguu ilimvimba ikawa kama ya mwanamke mzee. Madaktari walimpima damu, moyo na figo, hawakuona kitu, na hawana lawama yoyote. Modest alilia mbele yangu, mtu ambaye sikumwona akilia tangu tulipokuwa watoto.

Ndipo Mama Lilian alipofunga vitabu vyake, na tarehe 15 Juni 2019 tulipanda Nainokanoka, yeye, Lilian, Modest na mimi, tukiwa na mtamba mmoja na asali. Ukungu ulikuwa umekaa toka asubuhi, mchana ule huwezi kuona kiganja chako. Alipiga magoti mbele ya Nareyu na wale wanawake, ameshika nyasi kwa mikono miwili kama mtu anayeomba amani anavyotakiwa kushika, hakujitetea kwa nadharia yoyote, alisema tu kwamba alimwita mama yake akidhani anamwinua, kumbe anamsimamisha. Walizipokea nyasi. Wakatuweka nyuma yao, wakatukataza kuita jina la mtu yeyote, hai au marehemu, wakaanza kutembea kwenye ukungu wakiimba nyimbo za yule mama, kuanzia za ujana wake, wimbo baada ya wimbo, bila kusema ni za nani.

Nami nilikuwepo, kwa hiyo naeleza nilichosikia. Wa mbele walidhani anayeanzisha nyimbo yuko nyuma, na sisi wa nyuma tulidhani yuko mbele, na baadaye walipoulizana hakupatikana aliyeanzisha hata mmoja. Sauti ile ilisogea mbele yetu, ikawa mbali, ikapungua, tukafika mahali wote tukanyamaza bila kuambizana, na katika kimya kile tukasikia mlio mdogo wa shanga, mlio ule unaotoka mwanamke mtu mzima anapokaa chini. Lilian alikaa papo hapo kwenye majani yenye maji, akalala, akalala mpaka jioni, na mama yake akamwekea kichwa pajani. Kesho yake, huku Endamarariek, kigoda kilikuwa vilevile, lakini ng'ombe walipita ukutani bila kungoja.

Mwaka 2021 alitoa kitabu chake cha pili, ambacho hakikupigiwa makofi mengi. Aliandika humo kwamba wapo wanawake walionyamazishwa, na hao tuwatafute majina yao mpaka mwisho wa dunia, na wapo wanawake ambao watu wao wananyamaza kwa ajili yao ili wapate kupumzika, na anayewachanganya hawa wawili hutenda dhuluma akidhani anatenda haki. Aliomba radhi kwa yule mshairi wa ukutani na yule wa riwaya, kwamba hakuwahi kujiuliza wao wenyewe walitaka nini. Wenzake wa nchi za nje walimwandikia kwa masikitiko kwamba amerudi nyuma, naye alicheka akaniambia kwamba wenzake ni watu wema sana, ila hawajawahi kuwa na mgeni asiyekaa.

Kuhusu kuugua kwake, alianza kusikia maumivu ya tumbo mwezi Januari 2024, akatibiwa hapa Karatu, kisha akapelekwa hospitali ya rufaa Moshi ambako aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akapata matibabu kwa vipindi mpaka mwezi Julai mwaka huu alipoomba kurudishwa nyumbani. Tarehe 20 Julai alituita mimi na Nareyu kitandani kwake, akatueleza anachotaka, na hakikuwa cha Endamarariek wala cha Nainokanoka.

"Mkinizika bila jina, nimewadanganya wanafunzi wangu wote," alisema. "Mkiniitaita, mtanisimamisha. Nitajeni mara moja tu, anitaje mwanamke, mbele ya watu wangu wa pande zote mbili, halafu mniruhusu."

Nareyu alimwambia kwamba jambo hilo kwao halijawahi kufanyika, naye akajibu kwamba ndivyo alivyoambiwa siku alipoanza shule. Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumatano, tarehe 6 Agosti 2025, mkono mmoja ukiwa kwa Modest na mwingine kwa Lilian.

Siku iliyofuata, Alhamisi, wazee walikaa uani kupanga mazishi, na baba yetu mdogo Wilibrodi, ambaye alimpenda sana mkamwana huyu na ndiye aliyekuwa akimsalimu kila asubuhi kwa Kimaa chake cha kuokoteza, alikasirika kusikia kwamba msalaba utaachwa wazi. Alisema Mkristo huzikwa kwa jina alilobatizwa nalo, kwamba huku kuogopa neno ni aibu, akainuka, akageukia nyumba, akalitamka jina la marehemu kwa ubishi, na kama alivyozoea akaongeza takwenya. Wanawake jikoni walikuwa wanamenya viazi. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umefungwa, mwili ulikuwa chumba cha maiti mjini, Lilian alikuwa nje na sisi anagawa vikombe. Kutoka chumba cha ndani ikaitikiwa, iko, kwa sauti yake ileile ya asubuhi, ya mtu aliyeshika ukurasa kwa kidole asiupoteze.

Tulisikia wote. Baba mdogo alikaa chini, kisha alitoka nje ya uzio peke yake akang'oa nyasi, na kama mkimtazama sasa hivi mtaona bado amezishika. Ni mzee wa kanisa na hakuna aliyemfundisha, naomba mtu yeyote asimcheke.

Na mnamwona Lilian pale kichwani pa jeneza. Tangu asubuhi mmekuwa mkimletea viti, mkidhani ni uchungu wa mama, na kila mara ameinama akawashukuru akabaki wima. Hajakaa tangu Alhamisi. Nimemwomba, baba yake amemwomba, ananijibu lile jibu la miaka ile, kwamba bado hajaambiwa. Nasema hili mbele yenu wote kwa sababu naogopa, ninaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na kwa sababu dawa yake, kama ipo, iko midomoni mwetu. Jana nilimwuliza Nareyu kama jina likitajwa kwa mara ile aliyoiomba mwenyewe, atakaa. Aliniambia kwamba aliyeitwa kwa ubishi huenda akakaa akiitwa kwa upendo na kuruhusiwa, lakini hajui. Mimi pia sijui. Nitafanya alivyoniagiza.

Kabla ya hapo, familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi wa Karatu na wa Moshi waliomhudumia kwa upendo mpaka mwisho, kwa uongozi wa chuo chake na walimu wenzake waliokuja na basi zima la wanafunzi, kwa majirani wa Endamarariek walioleta kuni, maji na mahindi bila kuombwa, kwa ndugu zetu wa Baray kwa vitunguu na kwa kuturudishia kicheko jana jioni, kwa wanawake wa Nainokanoka waliotembea tangu juzi, na kwako Baba Paroko kwa kukubali msalaba ulio wazi na kusema kwamba Mungu anasoma hata penye ubao mtupu. Wanafunzi wake nawaomba kitu kigumu, kwa sababu najua alichowafundisha. Mnaposoma vitabu vyake, someni jina lake kwa macho. Msilisome kwa sauti.

Sasa naomba wote tusimame, ili asiwe amesimama peke yake. Nitalitaja mara moja. Mtu yeyote asirudie baada yangu, na mtu yeyote asiitikie kwa niaba yake, na kama mtasikia kunaitikiwa, nyuma yenu au karibu yenu, msigeuke kutazama, kwa sababu anayetazamwa huona haya kukaa. Nikimaliza nitaketi mimi kwanza, ndipo nanyi mketi, taratibu. Lilian, mwanangu, mimi shangazi yako nakuambia mbele ya watu hawa wote, ukisikia magoti yamelegea, usiyabishie.

Nanyokie, wifi yangu, tumekusikia. Umeandika, umetajwa, hakuna atakayekuita tena. Kaa sasa, pumzika kwa amani.